Musi si nyumbu wala si kongoni: ukoo wake, umbo lake na nchi anakoishi

#1 Mluguru_Norrland

Wakuu, habari za wakati huu.

Wiki iliyopita kuna video ilizunguka sana kwenye magrupu. Mnyama mkubwa, mweusi, miguu mirefu kama nguzo, anakatiza barabara yenye theluji, na jamaa anayerekodi anasema, "Oneni nyumbu wa Ulaya." Kwenye grupu jingine wakamwita kongoni wa Urusi. Mimi nimezaliwa Mikumi, mzee wangu alikuwa dereva wa lori njia ya Iringa, kwa hiyo nyumbu na kongoni nimewafahamu kabla sijajua kusoma. Sasa ni mwaka wa tisa naishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, na huyo mnyama wa kwenye video ni jirani yangu. Imeniuma kuona anabandikwa majina ya wanyama wengine. Naomba tumweke mahali pake.

Waswidi humwita älg, Wanorwe elg, Wafini hirvi, Warusi los. Marekani na Kanada wanasema moose, neno ambalo walowezi walilichukua kwa wenyeji wa mashariki ya Amerika Kaskazini, watu wa lugha za Algonkwini, na asili yake ni kubandua: mnyama anayebandua magome. Nitaandika musi, kama linavyosikika, kwa sababu sisi hatuna jina lake. Na kuna sababu ya msingi ya kutokuwa nalo, nitaifikia.

Jumamosi nilikuwa msituni. Huku Mei ndiyo kwanza theluji inaisha, imebaki kwenye vivuli vya misonobari tu. Nikaona kitu cha rangi ya hudhurungi kimelala kwenye ukoka, nikajua ni tawi. Kukiinua, pembe. Pembe moja, ya kushoto, pana kama kiganja kilichofumbuliwa, na vidole sita vimechomoza ukingoni. Pale ilipokuwa imeshikana na fuvu pana duara lenye chengachenga, mfano wa sukari guru iliyovunjwa kwa mkono. Kwenye ncha za vidole viwili kuna michirizi midogo, miwili miwili: meno ya panya. Panya wa msituni huitafuna pembe iliyoanguka ili wapate chokaa na fosforasi.

Hakukuwa na mzoga. Hakukuwa na damu. Mwenye pembe yuko hai huko msituni, ameshaanza kuotesha nyingine.

Nyumbu hawezi kufanya hivyo. Kongoni hawezi, mbogo hawezi, swala hawezi. Pembe ya nyumbu ina mfupa ndani na ala ngumu nje, ala ya kitu kilekile cha kucha zetu, na inabaki kichwani maisha yote. Ikivunjika imevunjika. Pembe ya musi ni mfupa mtupu, unaota kila mwaka na kudondoka kila mwaka. Hapo ndipo koo mbili zinapoachana. Nyumbu, kongoni, pofu, tandala na hata ng'ombe na mbuzi wa nyumbani wako upande mmoja. Musi yuko upande mwingine kabisa, na upande huo haukufika kwetu. Afrika nzima ina mnyama mmoja tu wa asili wa ukoo huo, naye yuko kule juu, kwenye misitu ya Algeria na Tunisia. Kusini ya Sahara hakuna hata mmoja. Ndiyo maana wazee wetu hawakumpa jina: hawakumwona.

Picha za pembe naweka jioni. Wajuzi karibuni.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hiyo pembe ipime kwenye mizani, tunataka kilo.

#3 BintiPangani

Shikamoo kaka Mluguru. Jina mbona lipo? Kwenye Biblia kuna ayala, Zaburi ya 42. Sisi shuleni tulifundishwa ayala ni mnyama kama paa mwenye mapembe ya matawi. Huyu si ndiye?

#4 Mluguru_Norrland

Marahaba dada yangu, umenisaidia sana. Ayala ni neno zuri na nadhani ndilo tulitumie kwa ukoo mzima: wanyama wote wa pembe za mfupa, zenye matawi, zinazodondoka. Lakini ayala wa Zaburi si musi. Musi ni mnyama wa baridi kali, hajawahi kuwa mnyama wa nchi zile. Kwa hiyo nasema hivi: musi ni mmoja wa ukoo wa ayala, naye ndiye mkubwa kuliko wote walio hai. Ni kama unavyosema chui ni wa ukoo wa paka. Hujakosea, ila hujamaliza.

#5 Kupe_na_Ndigana

Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea pale Morogoro, ukoo huu tuliupitia kwa haraka darasani lakini niliupenda. Niongeze nyama kidogo.

Oda, yaani kundi kubwa linalokusanya familia nyingi, ni ile ya wanyama wa kwato zilizogawanyika kwa mbili. Ndani ya oda hiyo kuna familia ya ng'ombe na swala, familia ya twiga, familia ya ngiri na nguruwe, familia ya kiboko, na familia ya ayala ambayo kitaalamu ni Cervidae. Musi yumo humo, jenasi (kundi dogo la ndugu wa karibu ndani ya familia) Alces. Anacheua kama ng'ombe, tumbo lake lina vyumba vinne, na kama ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Ana ufizi mgumu ambao meno ya chini yanakandamizia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Familia ya ayala yenyewe imegawanyika matawi mawili makubwa, na tofauti yake ya wazi iko mguuni, siyo kwenye pembe. Zamani sana mababu wa wanyama hawa walikuwa na vidole vingi. Vile vya pembeni vikasinyaa, vikabaki vipande vya mifupa kwenye mguu wa mbele. Tawi moja limebakiza kipande cha juu, karibu na goti. Tawi la pili limebakiza kipande cha chini, karibu na kwato. Musi ni wa tawi hili la pili, pamoja na wale ayala wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko kwenu kaskazini, pamoja na ayala mdogo wa Ulaya anayeingia mpaka kwenye bustani za watu. Kwa hiyo ndugu zake wa karibu ni hao, siyo yule ayala mwekundu mwenye taji la pembe anayechorwa kwenye nembo za wafalme.

Jina la kitaalamu alilipata kwa mtu wa huko huko kwenu, Linnaeus, mwaka 1758, ila yeye alimweka jenasi moja na ayala mwekundu. Baadaye ndipo akatengewa jenasi yake. Na ubishi haujaisha: musi wa Ulaya ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 68, musi wa Amerika ana 70. Wapo wataalamu wanaosema basi hizo ni spishi mbili, Alces alces na Alces americanus. Wengine wanasema ni spishi moja yenye nususpishi kadhaa. Mimi naegemea kwa hao wa pili, kwa sababu umbo, tabia na chakula vinafanana mno, na tofauti ya idadi ya kromosomu peke yake haitoshi kutenga spishi.

#6 Guide_wa_Ngarasero

Daktari asante, shule nzuri.

Nauliza kwa faida ya sisi tunaozunguka na wageni. Kuna Mmarekani mmoja nilimpeleka Serengeti, tukaona pofu, akaniambia "kwetu tuna elk mkubwa kuliko huyu". Siku nyingine Mwingereza akaniambia elk na moose ni mnyama mmoja. Nani mkweli?

#7 Mluguru_Norrland

Kwa upande wa jina wote wawili ni wakweli, tatizo ni Kiingereza. Kwa Mwingereza wa zamani, elk ndiye musi, neno moja na älg ya huku. Lakini Uingereza musi walitoweka maelfu ya miaka nyuma, watu wakabaki na jina bila mnyama. Walipohamia Amerika wakamkuta ayala mwingine mkubwa, wa ukoo wa yule mwekundu, wakambandika jina hilo. Yule kwa jina la wenyeji ni wapiti. Kisha wakamkuta musi mwenyewe, na jina lake lilishatumika, wakachukua la wenyeji. Kwa hiyo mgeni akikutajia elk, muulize kwanza anatoka wapi.

Na kwa pofu, mgeni wako alizidisha. Dume la pofu linaweza kupita kilo 900. Wapiti hafiki huko, na musi mwenyewe kwa uzito pofu anampiga. Ila kwa kimo musi anashinda: mabega ya pofu ni kama mita 1.6, mabega ya dume kubwa la musi yanapita mita 2. Dume la Alaska, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, linaweza kupita kilo 600 na pembe zake kutanuka karibu mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Hawa wetu wa Uswidi ni wadogo zaidi, dume la kawaida ni kati ya kilo 400 na 500. Wadogo kuliko wote wa Asia wako bonde la mto Amur, mpakani mwa Urusi na China, na pembe zao mara nyingi hazina kile kiganja, ni matawi matupu.

#8 Mzee_wa_Rufiji

Vijana, umbo lake likoje hasa? Kwenye picha naona kama mnyama aliyeunganishwa kwa vipande vya wanyama wengine.

#9 Mluguru_Norrland

Shikamoo mzee wangu. Nikueleze nilivyomwona mimi, siyo vya vitabuni.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, zamu ya usiku, naendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba. Machi mwaka jana, saa kumi na moja alfajiri, nilisimama kituo cha mafuta kilichofungwa nipumzike kidogo. Nje baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nikasikia sauti ya kwachu, kwachu, kama mtu anachana kitenge. Upande wa pili wa uzio alikuwa musi jike, hatua kama kumi na tano kutoka kwangu. Alikuwa anachukua tawi la mwerebi, analiingiza mdomoni kwa upande, anavuta kichwa, machipukizi yote yanabaki mdomoni na tawi linarudi tupu.

Kilichonishangaza kwanza ni mdomo. Mdomo wa juu ni mrefu, mzito, umeufunika wa chini, na unachezacheza wenyewe kama ncha ya mkonga wa tembo. Pua ni kubwa, matundu yake yametazamana mbali, na yanaweza kufungwa anapozamisha kichwa majini. Kooni kunaning'inia kipande cha ngozi chenye manyoya, kama kengele. Dume na jike wote wanacho, cha dume ni kikubwa zaidi. Mabegani ana nundu, mfano wa ng'ombe wetu wa kienyeji, lakini siyo ya mafuta: ni misuli ya kubeba kichwa kizito. Mgongo unashuka kuelekea nyuma. Mkia ni kitu kidogo mno, hauonekani. Mwili ni hudhurungi iliyoiva, karibu na weusi, na miguu ni ya kijivujivu kana kwamba amevaa soksi ndefu.

Na hiyo miguu, mzee wangu, ndiyo musi mwenyewe. Theluji iliyokuwa inanifika kiunoni, yeye aliipita bila kuruka. Aliinua mguu, akauweka, akainua mwingine, kama mtu anayepita shamba la mpunga. Jike halina pembe. Kwa musi pembe ni za dume tu.

Manyoya yake yana uwazi ndani, kila unywele ni mrija wenye hewa. Hewa hiyo inazuia joto la mwili lisitoke, na pia inamsaidia kuelea. Ndiyo maana musi ni mwogeleaji hodari, anakatiza ziwa la kilomita kadhaa bila wasiwasi.

#10 Mzee_wa_Rufiji

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kufunga pua majini nimeielewa, kiboko anafanya hivyo hivyo. Endelea.

#11 Mtu_wa_Uvira

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mtu wa Uvira, sasa naishi Lewiston, jimbo la Maine, huku Marekani. Maine, ukiiacha Alaska, ndiyo yenye musi wengi kuliko jimbo lolote, na musi ndiye mnyama rasmi wa jimbo. Wakongomani tuko wengi huku, na kitu cha kwanza mtu anaambiwa akipata leseni ya gari ni: jihadhari na musi usiku.

Nieleze kwa nini, maana watu wanafikiri ni kama kugonga mbuzi. Miguu ya musi ni mirefu kuliko boneti ya gari. Gari linapiga miguu, na ule mwili wa mamia ya kilo unakuja juu, kwenye kioo, mahali ulipoketi. Na usiku humwoni: rangi yake ni giza, na kichwa kiko juu kuliko mwanga wa taa, kwa hiyo macho hayang'ai kama ya mbwa au paka. Mwenzetu mmoja wa kanisani amegonga, Mungu alimlinda, gari lilikwisha kabisa paa likakunjwa mpaka viti vya nyuma.

Lakini jambo linalonisikitisha mimi ni kupe. Huku kuna kupe wa majira ya baridi. Siku hizi theluji inachelewa kuja na inawahi kuondoka, na kupe wanazidi. Ndama mmoja wa musi anakutwa na makumi ya maelfu ya kupe mwilini. Makumi ya maelfu, ndugu zangu. Wanamnyonya tangu Oktoba mpaka Aprili. Anajisugua kwenye miti mpaka manyoya yanaisha, anabaki mweupe mweupe, watu huku wanamwita musi mzuka. Ndama wengi wanakufa mwezi wa nne, majani yakiwa karibu kuchipua. Mwaka juzi nilimwona mmoja kando ya barabara, amesimama tu, mbavu zote unazihesabu, hata gari lilipokaribia hakusogea.

#12 Kupe_na_Ndigana

Ndugu wa Uvira, umenigusa kwenye taaluma yangu, na huyo kupe anahitaji maelezo.

Kupe wetu anayeleta ndigana kali hubadilisha mwenyeji mara tatu: anakunywa damu, anadondoka, anabadilika, anapanda mnyama mwingine. Huyu wa musi ni kupe wa mwenyeji mmoja, tabia kama ya kupe wa buluu tunaowaona kwa ng'ombe. Vuli, vitoto vyake hupanda kwenye vichaka na kushikana miguu kama mnyororo. Musi akipita, mnyororo mzima unahamia mwilini. Humo humo wanakula, wanabadilika, wanakula tena, wanabadilika, wanakula mara ya tatu, wote wakiwa kwenye mnyama mmoja msimu mzima. Majike huanguka chini mwanzo wa masika ya huko. Wakiangukia theluji, wengi hufa. Wakiangukia majani makavu, hutaga. Kwa hiyo wiki mbili tatu za theluji kupungua ni neema kubwa kwa kupe.

Musi pia hajui kujisafisha vizuri kama ayala wengine. Ng'ombe utamwogesha dawa joshoni. Musi wa porini utamwogesha vipi?

#13 Chogo_la_Moshi

Nina swali nalo ni la dhati. Kama anapenda baridi, akiletwa Kilimanjaro kule juu, kwenye msitu, hataishi?

#14 Mluguru_Norrland

Swali zuri, nami nimewahi kuliwaza.

Kwanza joto. Musi majira ya baridi huanza kutaabika hali ya hewa ikipanda juu ya nyuzi 5 chini ya sifuri, kwa sababu amevaa koti ambalo halivuliki. Kiangazi huanza kuhema ikipita nyuzi 14 hivi. Msitu wa Kilimanjaro mchana ungemtesa mwaka mzima.

Pili chakula. Musi halishi nyasi kama nyumbu. Shingo yake ni fupi kwa miguu ile, kula nyasi fupi mpaka apige magoti. Yeye ni wa matawi: mierebi, miti ya betula yenye gome jeupe, aspeni, na baridi ikizidi, machipukizi ya msonobari. Kiangazi anaweza kula kilo 20 hadi 30 kwa siku. Halafu anahitaji chumvi, na matawi hayana chumvi. Ndiyo maana kiangazi utamkuta ziwani, maji ya tumbo, kichwa chote kimezama, anang'oa mimea ya chini ya maji. Mimea hiyo ina sodiamu nyingi kuliko majani ya nchi kavu. Anaweza kuzamia mita 5 na zaidi. Kwetu mnyama wa kukaribiana naye kwa maisha ya kinamasi ni nzohe, ingawa si ndugu.

Tatu, na hili daktari athibitishe, ni urefu wa mchana.

#15 Kupe_na_Ndigana

Nathibitisha. Saa ya mwili wa ayala inaendeshwa na mwanga. Mchana ukirefuka, pembe zinaanza kuota. Mchana ukifupika, homoni za dume zinapanda, damu inakatwa kwenye pembe, ngozi inakauka, anaisugua kwenye miti. Septemba na Oktoba wanapandana. Baada ya hapo homoni zinashuka na pembe inaachia pale kwenye shina. Huko kwenu Moshi mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, saa hiyo ya mwili ingeisomea nini?

Ile ngozi ni ajabu nyingine. Pembe inapokua inafunikwa na ngozi laini kama mahameli, imejaa mishipa ya damu, ukiishika ina joto. Inakua zaidi ya sentimeta moja kwa siku. Hakuna mfupa mwingine kwa mamalia unaokua kasi hiyo, na dume linachota madini kwenye mifupa yake yenyewe, hasa mbavu, ili kuijenga.

#16 Guide_wa_Ngarasero

Mluguru, sema anakoishi basi, ramani yote.

#17 Mluguru_Norrland

Chora mkanda kuzunguka kichwa cha dunia, chini kidogo ya barafu. Mkanda huo ni msitu wa misonobari, maziwa na vinamasi, Warusi huuita taiga. Musi ni mtoto wa mkanda huo. Norwe, Uswidi, Finland, nchi za Baltiki, Poland, Belarus, Urusi yote mpaka Pasifiki, kaskazini mwa Mongolia na kona ya kaskazini-mashariki ya China. Ng'ambo ya maji: Alaska, Kanada karibu yote, na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Maine, New Hampshire, Vermont, Minnesota, mpaka milima ya Wyoming na Colorado.

Lakini si msitu wowote. Msitu mzee uliofunga juu hauna chakula chake, matawi yako mbali. Anapenda mahali palipoungua au palipokatwa, miti midogo inapoanza kurudi. Uswidi ni ushahidi. Watu walipoanza kufyeka misitu kwa mafungu makubwa na kuipanda upya, musi waliongezeka mno, mpaka mwaka 1982 wakawindwa zaidi ya 170,000 katika msimu mmoja. Leo wako kama laki tatu nchi nzima, na kila vuli kuna msimu wa uwindaji. Nyama yake imejaa kwenye majokofu ya huku. Ni nyekundu sana, haina mafuta, ukiipika haraka haraka inakuwa kamba. Mimi naichemsha kwa tangawizi na vitunguu saa tatu, moto mdogo.

Na Newfoundland, kisiwa cha Kanada, hakukuwa na musi wa asili hata mmoja. Mwaka 1904 waliletwa wanne kutoka New Brunswick. Leo ni zaidi ya 100,000, na misitu inalemewa kwa sababu wanakula miche kabla haijakua. Mbwa mwitu wa kisiwa kile (nasema wale wa kaskazini, wolf, siyo mbwa mwitu wa kwetu) walishatoweka, hakuna wa kuwapunguza sana isipokuwa watu.

#18 Kinyozi_wa_Kawangware

Anawindwa na nani kwa kawaida, mbali na binadamu?

#19 Mtu_wa_Uvira

Mbwa mwitu wa kaskazini na dubu. Dubu anapenda ndama, mbwa mwitu huchagua mzee, mgonjwa au mtoto. Musi mzima mwenye nguvu hakimbii ovyo, anasimama na kupiga mateke, ya mbele na ya nyuma, na teke lake linaua.

Kuna kisiwa kinaitwa Isle Royale, ndani ya ziwa Superior. Musi walifika mapema karne iliyopita, mbwa mwitu wakavuka juu ya barafu mwishoni mwa miaka ya 1940. Tangu mwaka 1958 wataalamu wanafuatilia idadi ya musi na ya mbwa mwitu, karibu kila mwaka. Mbwa mwitu walipobaki wawili tu, musi wakajaa na kuanza kumaliza miti. Mwaka 2018 na 2019 ikabidi mbwa mwitu wapya waletwe kwa ndege na boti. Mimi nimetoka nchi ya Virunga, nikisoma habari ya kisiwa kile naielewa haraka.

#20 BintiPangani

Nimesoma mahali kwamba watu wa zamani waliamini musi hana magoti na hawezi kulala chini. Ni kweli waliamini hivyo?

#21 Mluguru_Norrland

Kweli dada. Julius Caesar aliandika hivyo kuhusu wanyama wa misitu ya Wajerumani: kwamba hawana viungo miguuni, wanalala wameegemea mti, na mwindaji anaukata mti nusu ili mnyama auangukie. Yeye aliambiwa, hakuona. Musi analala chini kama ng'ombe, anakunja miguu, na asubuhi utaona shimo lake kwenye theluji limeyeyuka kwa umbo la mwili. Nimeshaweka kiganja ndani ya shimo kama hilo, bado lilikuwa na unyevu.

#22 Siti_ya_Mbele

Kilo, mkuu. Kilo.

#23 Mluguru_Norrland

Nimepima leo kwa mizani ya jikoni, picha nimeshapandisha. Kilo 3 na gramu 400, pembe moja. Kutoka shina hadi kidole cha mwisho ni sentimeta 71. Kwa hiyo huyo dume alikuwa anatembea na karibu kilo 7 kichwani, na si dume kubwa. Za Alaska, zote mbili kwa pamoja, zinaweza kufika kilo 36.

Na kingine, kabla sijaingia zamu. Leo jioni kwenye kituo cha basi karibu na kwangu alisimama musi mdogo, wa mwaka mmoja. Mwezi huu mama zao wanakaribia kuzaa, na mama akikaribia kuzaa humfukuza ndama wa mwaka jana. Ameishi naye mwaka mzima, ghafla anageukiwa na kupigwa kwato. Hawajui pa kwenda, wanatembea tu, ndiyo maana Mei na Juni wanaonekana sana barabarani. Huyu alisimama pembeni ya kibanda cha abiria, masikio yanageuka huku na huku, miguu mirefu kuliko mwili. Watu watatu waliokuwa wanasubiri basi walirudi nyuma taratibu, hakuna aliyepiga kelele. Dereva wa basi alifika, akazima taa kubwa, akasubiri. Kama dakika nne hivi. Kisha yule ndama akavuka, akaingia kwenye miti ya betula upande wa pili.